Msimbo wa Gari si Orodha ya Spea

Fundi alichomeka mashine yake kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akasubiri kidogo, kisha akanigeuzia kioo nijisomee mwenyewe: P0171. "Oksijeni sensa imekufa, bosi," alisema, na kabla sijauliza lolote alikuwa tayari anaongea kwenye simu na mtu wa spea wa Kariakoo. Jioni hiyo Toyota IST yangu ilikuwa na sensa ya mtumba ya shilingi 90,000, taa ya cheki injini ilikuwa imezimika, nami nikarudi nyumbani nimeridhika. Siku ya nne, nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, taa iliwaka tena, na msimbo ulikuwa uleule.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikibishana na kila anayenisikiliza kuhusu jambo moja, kwamba msimbo hutaja kile ambacho kompyuta ya gari imekiona, na hautaji kifaa cha kwenda kununua. Uchukue huo wangu uusome. Herufi P inahusu injini na gia. Zipo pia B ya bodi, C ya chasisi na U ya mawasiliano kati ya kompyuta za gari zenyewe kwa zenyewe. Sifuri inayofuata ina maana kwamba msimbo huo ni wa pamoja kwa watengenezaji wote, ilhali P1 mara nyingi ni msimbo ambao mtengenezaji ameutunga mwenyewe, na ndiyo maana P1 ya Toyota haifai kutafutiwa maana kwenye orodha ya Nissan. Tarakimu 1 baada ya sifuri inaelekeza kwenye mafuta na hewa. Ingekuwa 3, tungekuwa tunazungumzia misi, yaani silinda inayoshindwa kuunguza mafuta yake. Ukiunganisha vyote, P0171 inasema kwamba mchanganyiko unaoungua una hewa nyingi mno kuliko mafuta, kiasi kwamba kompyuta imeongeza mafuta mpaka imefika ukomo wa kuongeza. Basi, imeishia hapo. Oksijeni sensa, inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, ndiyo iliyopeleka habari, na wahenga walikwishasema mjumbe hauawi.

Kinachosababisha hali hiyo kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, pampu ya mafuta iliyochoka, filta iliyoziba, sensa ya kupima hewa iliyojaa vumbi, au bomba la moshi linalovuja kabla ya kuifikia oksijeni sensa. Sikatai kwamba hata sensa yenyewe inaweza kupotosha. Lakini hita iliyo ndani ya sensa ikifa, kwa mfano, kompyuta ina msimbo wake wa kusema hivyo, P0135, na haikuutoa.

Inasaidia pia kukumbuka taa hii ya cheki injini iliwekwa kwa ajili ya nani. Jimbo la California nchini Marekani, likiwa limechoshwa na moshi wa magari uliotanda juu ya Los Angeles, ndilo lililotangulia kuwalazimisha watengenezaji waweke kompyuta inayojichunguza, na kufikia mwaka 1996 kila gari dogo jipya lililouzwa Marekani lilitakiwa kuwa na mfumo wa aina moja wenye soketi ya pini 16. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kwa hiyo taa ya rangi ya njano inahusu zaidi moshi kuliko usalama wako wa saa hiyo. Oili na joto la injini huwa na taa zao nyekundu. Njano ikipepesa badala ya kuwaka mfululizo, hapo mambo ni mengine: injini ina misi kali, petroli isiyoungua inaingia kwenye masega na kuyaunguza, na dereva anatakiwa kupunguza mwendo na kusimama mapema.

Nimeyataja masega, na hapa ndipo penye kidonda chetu. Masega ni kile kichungi kilicho kwenye bomba la moshi, chenye platinamu, paladiamu na rodiamu, na ni madini hayo yanayowafanya watu wayakate na kuyauza, mara nyingine mwenye gari akiambiwa kwamba gari litakuwa jepesi. Yakishatolewa, sensa iliyo nyuma yake inaona moshi uleule unaoonwa na sensa ya mbele, kompyuta inahitimisha kwamba kichungi hakifanyi kazi, na P0420 inajiandikisha. Mwenye gari anaizoea taa. Baada ya miezi mingine sita koili inaanza kufa au termostati inakwama, na hana namna ya kujua, kwa sababu taa ambayo ingemwambia imekuwa ikiwaka tangu zamani. Wapo wanaobandika utepe mweusi juu yake. Wapo wanaochomoa balbu kabisa, hasa gari likiwa linauzwa. Ndiyo maana mnunuzi makini hufungua swichi bila kuwasha injini na kuhakikisha taa hiyo inawaka kwanza.

Lawama si za mafundi peke yao. Sisi wenye magari tunaingia gereji tukidai taa izimwe, na fundi anazima kwa kubofya kitufe kimoja, akifuta pamoja na msimbo ile picha ya hali ya injini iliyohifadhiwa wakati hitilafu ilipotokea: mizunguko, joto, mwendo wa gari, mzigo wa injini. Huo ulikuwa ushahidi. Isitoshe, tunakubali kulipia kifaa kinachoshikika, lakini fundi akisema anataka fedha ya kupima kwa saa nzima, tunamwona tapeli. Mtu anayelipwa kwa kubadilisha vitu atabadilisha vitu.

Nilijaribu kujipimia mwenyewe kwa kile kifaa kidogo cha bluetooth kinachouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Kiliingia kwenye soketi vizuri, lakini hakikujibiwa chochote, kwa kuwa magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya mwanzo ya 2000 yana soketi ileile lakini hayazungumzi lugha ileile.

Fundi wa pili, kijana wa umeme wa magari, aliuandika msimbo kwenye daftari kabla ya kugusa chochote. Kisha akafungua ukurasa wa takwimu na kuniita nione: injini ikiwa kwenye silensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kompyuta ilikuwa ikiongeza mafuta kwa asilimia 24, lakini alipokanyaga hadi mizunguko 2,500, nyongeza ilishuka hadi 7. Hewa ya wizi, alisema, yaani inayopenya mahali palipotoboka bila kupimwa, na inayoonekana zaidi injini inapovuta hewa kidogo. Akachukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta, akapuliza taratibu kuzunguka mipira, mmoja baada ya mwingine, na alipofika nyuma ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, sauti ya injini ikabadilika ghafla, ikapanda. Mpira mdogo unaorudisha mvuke wa oili ulikuwa umechanika upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki.

Mpira ulikuwa shilingi 8,000. Kupima nililipa 30,000, na sikuomba kupunguziwa. Sensa ya mtumba bado iko kwenye gari na inafanya kazi. Ile ya awali, ambayo haikuwa na tatizo lolote, ilibaki kule gereji ya kwanza na sijaiona tena.