Mashine ya Kidole Inaona Asubuhi Tu

Rafiki yangu, mkaguzi wa hesabu, kapewa barua ya onyo kwa kufika kazini saa 2:12 asubuhi badala ya saa 2:00. Anakaa Buhongwa, hapa Mwanza, na mnaijua foleni ya Mkuyuni. Usiku wa kuamkia siku hiyo alitoka ofisini saa tano, anafunga hesabu za mteja. Hilo barua haikuligusa.

Kampuni siitaji. Ni hizi za ukaguzi na ushauri wa kodi hapa mjini, vioo vingi, kiyoyozi kikali.

Kinachonichefua ni kwamba mashine ile ya alama za vidole inarekodi kuingia na kutoka, vyote viwili. Lakini afisa rasilimali watu anachapa safu ya kuingia peke yake, anawapaka waliochelewa rangi nyekundu, anabandika ubaoni. Safu ya kutoka haifungui, maana akiifungua itabidi afungue na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, na malipo yake yasipungue mara moja na nusu. Na hii ilikuwa Juni, makampuni yaliyofunga mwaka Desemba yanapokimbizana na ritani ya kodi ya TRA kabla ya tarehe 30, nani anahesabu hizo 50? Asubuhi tunafuata utaratibu. Usiku tunaambiwa tujitolee, sisi ni familia. Familia gani hii inayoandikiana onyo?

Kiwanda cha minofu naelewa. Zamu ikianza na mtu wa kisu hayupo, sangara hamsubiri. Lakini mkaguzi unamlipa kwa kile anachokiona kwenye vitabu. Huyu huyu wa saa 2:12 ndiye aliyegundua ankara ya mteja imeingizwa mara mbili, ikapita mikononi mwa wawili waliomtangulia, wote wawahi kweli kweli. Zawadi yake ilikuwa kidole gumba kwenye kundi la WhatsApp. Mtu kama huyo akipata nafasi Dar au mgodini Geita, anaondoka na kila anachokijua kuhusu wateja wenu, nanyi mnabaki na yule anayegusa mashine saa 1:50 kisha anashinda YouTube mpaka chai.

Haya, watoro wapo, sibishi. Na mtu wa mapokezi akichelewa, mteja anasimama mlangoni. Huyo mbaneni.

Mafunzo nayo? Kampuni yenye watu kumi au zaidi inalipa serikalini tozo ya kuendeleza ujuzi. Waombe wachangie ada ya mtihani wa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, uone nyuso. Tathmini ya mwaka ni fomu moja, ya dereva na ya mkaguzi. Na hizo alama za vidole, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa nyeti. Kuna aliyewaeleza wafanyakazi zinahifadhiwa wapi?

Rafiki yangu anatakiwa ajibu onyo kwa maandishi. Nimemwambia jibu liwe fupi: aombe nakala ya safu ya kutoka, ya Juni yote, na nakala nyingine apelekewe mhasibu wa mishahara.