Mwezi mzima kwa treni Japani, na kitu ninachokionea wivu

Baba mdogo anakuja Oktoba. Tangu ujana wake hadi anastaafu alikuwa kwenye gengi la kutunza njia la Reli ya Kati, sehemu kubwa Tabora, na tangu nihamie Nagoya ombi lake limekuwa moja tu: siku akija nisimfungie mjini, nimzungushe nchi nzima kwa treni. Mkataba wangu unaisha Septemba na kazi mpya inaanza Novemba, kwa hiyo mwezi ninao, na kila jioni nakaa na ratiba kupanga.

Mwezi kama huu hapa haupatikani hivi hivi, na nyumbani wengi hawalijui hilo. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka. Japani unaanza na siku 10 baada ya miezi sita kazini, na ukikaa miaka mingi sheria inakufikisha 20. Hata hizo watu wengi huona haya kuzichukua. Ilibidi kuanzia 2019 waajiri walazimishwe kuhakikisha mfanyakazi anapumzika angalau siku 5 kwa mwaka. Wenzangu wa kazini, Wajapani waliozaliwa na kukulia hapa, wengi hawajawahi kufika Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, kwa treni. Katika hili sisi tuko mbele, na tusikubali kuambiwa kwamba ni uvivu.

Nilipomtumia baba mdogo rasimu ya kwanza ya safari, alinirudishia ujumbe wa sauti. Hakuuliza habari za mlima Fuji wala mahekalu. "Mwanangu, hapa Okayama umeandika tunashuka na kupanda nyingine kwa dakika nane. Hiyo ya kwanza ikichelewa, tunalala wapi?"

Ni swali la mtu aliyeishi na reli yetu. Ukiwa na harusi Kigoma Jumamosi, unaondoka Dar siku kadhaa kabla, maana hujui. Mfanyabiashara wa migebuka, mwanafunzi anayerudi shule, mama anayempeleka mgonjwa hospitali kubwa, kila mmoja anaongeza siku moja au mbili za tahadhari, na siku hizo hazihesabiwi popote. Hazilipwi mshahara, hazilimi shamba, haziuzi kitu. Nikijaribu kuzijumlisha kwa abiria wa behewa moja tu la daraja la tatu, naona umaskini ambao hakuna bajeti iliyowahi kuuandika.

Nilimjibu kwa kumweleza utaratibu wa hapa. Treni ikichelewa hata dakika chache, stesheni au kampuni inatoa cheti cha kuthibitisha kuchelewa ili abiria ampelekee bosi au mwalimu wake. Treni ya haraka ikifika kwa kuchelewa saa mbili au zaidi, unarudishiwa ile nauli ya ziada uliyolipia uharaka. Maana yake kampuni imekubali kimaandishi kwamba muda ni mali ya abiria, na ikiuchukua itawajibika. Hicho ndicho ninachokionea wivu katika nchi hii kuliko mwendo wa treni zake.

Shinkansen, ile treni ya mwendo kasi, ni nzuri, sitajifanya siioni. Ilianza tarehe 1 Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka, siku chache kabla ya Olimpiki, na leo safari hiyo ya zaidi ya kilomita 500 inachukua kama saa mbili na nusu. Kwenye njia ya Tohoku, kaskazini-mashariki, inafika kilomita 320 kwa saa. Tutaipanda na tutaifurahia. Lakini reli ninayotaka baba mdogo aitazame kwa jicho la ufundi ni ile nyembamba. Japani ilipofungua reli yake ya kwanza mwaka 1872, kutoka Shimbashi hadi Yokohama, ilichagua upana wa milimita 1,067, na mpaka leo sehemu kubwa ya njia za JR, kampuni zilizorithi reli ya taifa, ukiondoa Shinkansen, zina upana huo. Ni upana uleule wa TAZARA, reli yetu na Zambia. Juu ya reli hizo kuna treni za haraka zinazofika kilomita 130 kwa saa, na kuna treni ndogo za behewa moja au mawili zinazosimama kila stesheni ya kijiji na kuondoka kwa dakika iliyoandikwa. Mara nyingi nasikia nyumbani watu wakisema reli za zamani hazina la kufanywa kwa sababu ni nyembamba. Wanaosema hivyo waje wasimame kwenye stesheni moja ya huku milimani. Reli inaendeshwa na kokoto safi, mataruma mazima, ishara zinazofanya kazi, na watu wanaopita usiku na tochi kukagua njia. Baba mdogo aliifanya kazi hiyo miaka yake yote, na hakuna aliyemwambia kwamba ndiyo inayobeba kila kitu kingine.

Oktoba nimeichagua kwa makusudi. Mvua za Juni na Julai zitakuwa zimepita, msimu wa vimbunga utakuwa ukielekea mwisho, na hatutakuwa kwenye zile siku ambazo nchi nzima husafiri pamoja: mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, katikati ya Agosti, na mwaka mpya. Majani ya miti huanza kuwa mekundu kule Hokkaido, kisha wekundu huo hushuka kusini wiki baada ya wiki, nasi tutashuka nao. Tunaanzia Wakkanai, reli inakoishia kaskazini, halafu Sapporo, Hakodate, chini ya bahari kwa handaki la Seikan lenye karibu kilomita 54, pwani ya Iwate, milima ya Fukushima, Tokyo, Okayama, daraja la Seto hadi kisiwa cha Shikoku na kurudi, na mwisho Kagoshima.

Suala la tiketi linatugawa. Pasi ya JR, ile ya kupanda treni utakavyo, ni kwa wageni wa muda mfupi tu. Mkaazi kama mimi haruhusiwi. Oktoba 2023 bei yake ilipanda vibaya: ya siku 7 ilitoka yeni 29,650 hadi 50,000, na ya siku 21 ilitoka 60,450 hadi 100,000. Kwa mgeni anayekwenda Tokyo, Kyoto na kurudi, sioni faida yake tena. Kwa mtu anayevuka nchi nzima kutoka kaskazini hadi kusini, bado inalipa, kwa hiyo baba mdogo atakuwa na ya siku 21, na siku zitakazobaki atapumzika kwangu Nagoya.

Mimi kwa sehemu kubwa ya safari nitatumia tiketi ya kawaida ya njia moja, na nakiri naipenda kuliko pasi. Kanuni yake ni kwamba unaweza kuunganisha njia ndefu kadiri utakavyo, mradi usiirudie stesheni uliyokwisha kupita. Safari ikiwa ndefu, nauli ya kila kilomita inashuka, na siku za kuitumia zinaongezeka: tiketi ya kilomita 3,000 inadumu siku 16. Ikizidi kilomita 100, kwa kawaida unaruhusiwa kushuka njiani, ukalala, ukaendelea kesho yake kwa karatasi ileile. Uharaka na kiti unalipia pembeni. Hebu fikiria tiketi ya Dar hadi Kigoma inayokuruhusu kushuka Dodoma umwone mwanao chuoni, ushuke tena Tabora ulale kwa shangazi, kisha upande kwenda ziwani bila kulipa upya. Kwa watu wenye ndugu kila kituo kama sisi, hiyo ingetufaa kuliko inavyowafaa Wajapani.

Masanduku makubwa tutayatanguliza kwa wasafirishaji wa mizigo, yatatukuta hotelini. Chakula tutanunua cha kwenye maboksi pale stesheni. Kila mkoa una boksi lake, na hata likiliwa baridi, ni tamu.

Sehemu niliyoipangia siku nyingi ni pwani ya Iwate. Pasi haifanyi kazi pale, kwa sababu Reli ya Sanriku si ya JR, nasi tutalipa taslimu kwa moyo mweupe. Tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 iling'oa reli, madaraja na stesheni katika pwani hiyo. Siku tano baadaye tu, kipande kidogo karibu na mji wa Kuji kilikuwa kimeanza kupitisha treni, watu wakapanda kwenda kutafuta ndugu zao. Aprili 2014 kampuni ilikamilisha njia zake. Mwaka 2019 ikakabidhiwa pia kipande cha JR kati ya Miyako na Kamaishi, ikawa njia moja ya kilomita 163. Oktoba mwaka huohuo kimbunga kikaharibu tena, wakajenga tena, na Machi 2020 njia yote ikafunguka.

Baba mdogo alikuwa Kilosa zaidi ya mara moja baada ya mafuriko. Anajua jinsi Mto Mkondoa unavyokula tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, na jinsi wanaume wanavyosimama kwenye matope kutwa wakijaza mawe, halafu masika mengine yanakuja na kuyazoa. Japani yenyewe, kupitia shirika lake la misaada, JICA, imewahi kufanya uchunguzi wa namna ya kukinga kipande hicho na mafuriko. Nataka asimame pwani ya Iwate aone kwamba kazi aliyoifanya yeye ndiyo iliyofanywa hapa, na ajionee tofauti iliyopo: walioifanya hapa walikuwa na vifaa, na majina ya vijiji vyao yalikuwa kwenye hesabu za serikali.

Na asidhani kila kitu huku kinatengenezwa upesi. Reli ya Tadami, huko Fukushima, ilikatwa na mafuriko Julai 2011 na kipande chake cha mwisho kilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2022. Miaka 11. Muda mwingi ulikwenda kwenye mabishano ya nani alipe, kwa njia yenye abiria wachache mno. Mwishowe mkoa na vijiji vikakubali kubeba mzigo wa njia, na JR ikabaki kuendesha treni. Katika kipande hicho zinapita treni tatu tu kwa siku kila upande, kwa hiyo ukiikosa moja umeipoteza siku. Hokkaido hali ni mbaya zaidi: kipande cha Furano hadi Shintoku kilifungwa Machi 2024, na sehemu kubwa ya njia ya Hidaka ilifungwa 2021. Vijana wamehamia mijini, wamebaki wazee. Ukipita huko unaona stesheni safi, saa inayosema kweli, na hakuna mtu. Inaniuma, kwa sababu nawaza Kaliua, Urambo, Uvinza, ambako watu wamejaa na mizigo yao, wanaisubiri treni.

Kuna jambo moja la huku ambalo sitaki lifike kwetu. Tarehe 25 Aprili 2005, kule Amagasaki, treni ya asubuhi iliyokuwa imechelewa kama dakika moja na nusu iliingia kwenye kona kwa kasi ya kilomita 116 kwa saa pale ambapo mwisho ni 70. Ikaacha reli na kujikita kwenye jengo la makazi. Walikufa watu 107, dereva akiwemo. Uchunguzi ulionyesha jinsi madereva walivyoishi kwa hofu ya kuadhibiwa na kudhalilishwa kwa kisingizio cha mafunzo kila walipochelewa. Nimeweka mahali pa kumbukumbu pale kwenye ratiba yetu. Baba mdogo amekubali mara moja. Nidhamu ya muda inatakiwa iwe juu ya shirika, juu ya matengenezo na mipango yake. Ukiimwagia dereva peke yake, anaendesha huku amekabwa koo.

Na nitamwonya kuhusu ukimya. Behewani hapa watu hawasemeshani, na simu haipokelewi. Mwanzo niliona ni amani. Miaka ilivyokwenda nimeanza kutamani ile safari ambayo mkifika Morogoro mnajuana majina, mkifika Manyoni mtoto wa jirani amelala mapajani mwako, na mama mmoja amefungua hotipoti na hakubali usile. Hilo hakuna wizara iliyoliratibu na Japani haina namna ya kulinunua.

Sasa tuna SGR. Juni 2024 ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro, na ilipofika Agosti Dodoma nayo ilikuwa imezinduliwa rasmi, kwa umeme, kwa kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa. Niliangalia video za siku ya kwanza nikalia, sioni haya kusema. Lakini naona maneno yetu yote yamekwenda kwenye kasi, na nina hofu reli ya zamani, ambayo bado ndiyo reli ya mtu wa Tabora na Kigoma, itaachwa ijifie. Naomba shirika letu la reli lifanye jambo dogo kuliko daraja lolote: libandike kila stesheni, kutoka Dodoma hadi Kigoma, saa ya kila treni, na mwisho wa mwezi libandike pembeni yake saa ambazo treni hizo zilifika kweli, na sababu ya kila kuchelewa kwa zaidi ya saa mbili. Stesheni masta tayari anaziandika saa hizo kwenye kitabu chake kila siku. Zitolewe ofisini, zibandikwe ukutani abiria azisome.