Bilberi na macho: sifa imeutangulia ushahidi

Bilberi ni tunda la porini la Ulaya ya kaskazini, linalozaa kwenye vichaka visivyofika hata magotini. Nchini Sweden na Finland watu huingia msituni kulichuma kiangazi, na desturi ya huko inamruhusu yeyote kuchuma hata kwenye msitu usio wake. Si bluberi ya Marekani inayojaa supamaketi. Ukiipasua bluberi, nyama yake imepauka. Bilberi imekoza rangi mpaka ndani, na aliyeila utamjua kwa ulimi na vidole. Rangi hiyo ni anthosayanini, jamii ileile ya rangi iliyomo kwenye zambarau na rozela, na ndiyo iliyolifanya tunda hili liingizwe kwenye kapsuli.

Kapsuli hizo huuzwa zaidi kwa ajili ya macho. Husimuliwa kwamba marubani wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili walikula jemu ya bilberi, wakawa wanaona shabaha gizani. Wauzaji hawaichoki hadithi hii, ingawa ushahidi wake hauonekani. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa vijana wenye macho mazuri miligramu 160 za dondoo la bilberi mara 3 kwa siku, kwa wiki 3. Uwezo wao wa kuona usiku haukubadilika. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2004 yalikuta jambo lilelile: majaribio yaliyofanywa kwa umakini zaidi ndiyo yaliyokosa kuona faida.

Hata hivyo, watetezi wa bilberi wana hoja isiyopaswa kupuuzwa. Wengi waliopimwa walikuwa wazima wa macho, na asiyeumwa atapona nini? Utafiti wa Japani wa mwaka 2015 uliwahusisha watu wanaoshinda mbele ya kompyuta, nao ulionyesha nafuu kiasi katika uchovu wa macho. Upo pia utafiti mdogo uliodai kwamba presha ya macho ilishuka, lakini hapo bilberi ilichanganywa na dondoo la gome la msonobari, kwa hiyo huwezi kujua sifa umpe nani. Kwangu mimi hizo ni sababu za kuendelea kutafiti. Bado si sababu za kuuza.

Tumboni hali ni tofauti kidogo. Bilberi iliyokaushwa ina tanini nyingi, zile zinazokaza ulimi, na Wazungu wameitumia muda mrefu kuzuia kuhara kwepesi na kusukutua kinywa chenye vidonda. Mbichi, ukiila kwa wingi, huweza kulilegeza tumbo hilohilo. Shirika la Dawa la Ulaya linayakubali matumizi ya tunda kavu, lakini tuangalie kigezo chake: ni mazoea ya angalau miaka 30 bila madhara makubwa. Kigezo hicho hakidai majaribio yaliyothibitisha kwamba dawa inaponya.

Kuhusu usalama, tunda kama chakula halina neno. Majani yake, ambayo wengine huyachemsha kushusha sukari, ndiyo ya kuogopa: wanyama waliopewa kwa wingi na kwa muda mrefu walidhurika. Dondoo lililokolezwa nalo linahitaji tahadhari kwa anayemeza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aspirini, maana huenda likazidisha hatari ya kutoka damu. Mwenye kisukari aliye kwenye dawa anaweza kushukiwa sukari kupita kiasi. Kwa wajawazito, data kuhusu kapsuli ni chache mno.

Halafu kuna udanganyifu. Mwaka 2006 wanakemia wa Australia waligundua dondoo lililouzwa kama bilberi lakini limetiwa amaranthi, rangi nyekundu ya kiwandani. Kipimo rahisi kinachoangalia ukali wa rangi tu kililipitisha. Sasa mnunuzi wa Mombasa au Dar es Salaam aliyeagiza chupa mtandaoni ataijuaje?

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mgonjwa wa presha ya macho. Ugonjwa huu hula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, mara nyingi bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Akiyaacha matone aliyoandikiwa hospitali ili ajaribu kapsuli kwa miezi kadhaa, hatahisi tofauti yoyote, na ataamini kapsuli inafanya kazi.