Treni imefika, lori liko wapi?

Niliwahi kuwa karani kwa wakala mmoja wa forodha pale Kurasini, Dar es Salaam. Kazi yenyewe haikuwa na maajabu: kupokea makaratasi, kupiga simu, kubembeleza watu. Mteja wetu mmoja, mfanyabiashara wa Bujumbura, alichoshwa na bei za malori akaamua makontena yake mawili ya futi 40 yapande treni mpaka bara, halafu yamaliziwe kwa barabara. Treni ikaenda vizuri, siku tatu tu. Nikampigia simu kwa furaha: "Mzee, mzigo umefika." Akaniuliza: "Umefika wapi, kijana wangu?"

Ulikuwa umefika stesheni. Makontena yalikaa pale siku kumi na moja. Mashine ya kunyanyulia ilikuwa mbovu, na ilipotengemaa, malori tuliyoyakodi yalikuwa yameshapata mzigo mwingine yakaondoka. Kila siku iliyopita ilikuwa na tozo yake, na kila niliyempigia alinielekeza kwa mwenzake. Mwezi uliofuata mzee yule alirudi kwenye malori, na sikuwa na neno la kumzuia.

Ndiyo maana siku hizi kila zikitangazwa kilomita mpya za reli, mimi huwa wa mwisho kupiga makofi. Si kwamba naipinga reli. Nimepanda SGR, ile reli yetu mpya ya kisasa, mpaka Dodoma, nikashuka nikiwa sijachafuka hata kola. Na tarehe 31 Julai 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, yaani kituo cha kupokelea makontena mbali na bahari, pamoja na treni za mizigo za SGR, niliifuatilia shughuli nzima kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Ninachosema ni kwamba ukanda wetu unajua kupanga njia na haujui kupanga makabidhiano. Mzigo haukwami ukiwa unatembea. Hukwama pale unapotoka mkononi mwa huyu kwenda kwa yule.

Angalia Dar es Salaam. Ina reli tatu, na hakuna behewa linaloweza kutoka kwenye moja likaingia kwenye nyingine. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyokabidhiwa mwaka 1976, ni milimita 1,067. SGR ni 1,435. Tofauti ya Reli ya Kati na TAZARA haifiki hata upana wa vidole vinne, lakini inatosha kulazimisha kila tani ishushwe na kupakiwa upya. Mwaka 1998 ulifunguliwa uwanja wa kuhamishia makontena pale Kidatu, mkoani Morogoro, ambako tawi la Reli ya Kati linakutana na TAZARA. Wazo zuri kabisa: mzigo wa Zambia ungeweza kwenda mpaka Uganda kwa reli na ziwa. Lakini uwanja wa kuhamishia mzigo ni kama stendi ya mabasi. Usipokuwa na ratiba ya pande zote mbili, unabaki zege na nyasi.

Wengi wakifika hapa husema basi tatizo ni upana wa reli, tujenge kila kitu upya kwa kipimo kimoja. Hapo ndipo TAZARA inapowaumbua. Ule upana wa milimita 1,067 ndio uleule wa reli za Zambia, za Katanga kule Kongo kwenye migodi ya shaba, za Zimbabwe mpaka Afrika Kusini. Behewa la shaba linaweza kutoka Lubumbashi likashuka Ndola, likashika TAZARA pale Kapiri Mposhi, Zambia, inakoanzia, likatembea kilomita 1,860 mpaka Dar es Salaam bila kubadilisha gurudumu. Na si nadharia. Kuna treni ya kifahari ya watalii, Rovos Rail, ambayo imekuwa ikitoka Cape Town mpaka Dar. Mtalii na glasi yake ya mvinyo anapita. Shaba inapanda lori.

Kwa nini? TAZARA ilijengwa iweze kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Katika mwaka wa fedha wa 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000. Vichwa vya treni vilikuwa vibovu, wafanyakazi walikaa miezi bila mishahara, njia ikachakaa mpaka treni zikawa zinatembea kwa tahadhari. Tena mwenye mzigo wa Katanga alipaswa kushughulika na mashirika matatu ya reli ya nchi tatu, kila moja na bei yake na mabehewa yake, ilhali mwenye lori alimjibu kwa simu moja: kesho asubuhi napakia. Sasa Wachina waliokuja kuijenga wanarudi kuikarabati, na nawatakia heri. Lakini Angola nayo imeinuka: reli ya Lobito inaivuta shaba ileile kwenda Atlantiki, na waliopewa kuiendesha ni pamoja na wafanyabiashara wa madini wenyewe. Hao hawatahitaji kukumbushwa kwamba treni ikifika mtu awepo kupokea.

Wakenya walijaribu njia nyingine, ya amri. Mwaka 2019 ikatolewa amri kwamba mizigo ya bara itoke bandari ya Mombasa kwa SGR. Mombasa ikawaka. Watu wa malori, wa yadi, wa gereji waliona riziki yao inahamishiwa Nairobi, wakawa wanaandamana. Wafanyabiashara nao walikuwa na hesabu yao: kontena likishafika kwenye bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, bado unatafuta lori la kulipeleka godauni, na hicho kipande kifupi kinakula faida ya safari ndefu yote. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaitupa ile amri, na mwaka 2022 serikali mpya ikarudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Mpaka leo kuna wanaolisimulia jambo hili kama ugomvi wa siasa za pwani. Mimi naona ulikuwa mpango uliosahau kilomita za mwisho.

Upande wa barabara nako kuna hesabu ambayo haipendwi kusemwa. Wahandisi wanajua kwamba ekseli, ule mhimili wa magurudumu, ikibeba uzito mara mbili, barabara haiumii mara mbili. Inaumia takriban mara 16. Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na ndiyo maana ya ile mizani unayopita kuanzia Vigwaza. Mwenye treni anatengeneza njia yake na gharama inaonekana kwenye nauli. Barabara ya Tanzam, ile ya kwenda Zambia, ikibonyea kule Kitonga, tunaigharimia sote, pamoja na bibi yangu ambaye hajawahi kuwa na kontena. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema lori ni rahisi kuliko treni, muulize kwanza nani kalipa lami.

Hata hivyo siwezi kulifanya lori adui. Lori lina akili moja ambayo wapanga reli wangeiiga: linafikiria kurudi. Njia ya Katanga inalipa kwa sababu gari linapanda na salfa ya migodini na kushuka na shaba. Njia ya Burundi na Rwanda ni kilio, unapanda umejaa na kushuka na tela tupu, na huo utupu mwenye mzigo anaulipia bila kujua. Ndiyo maana reli ya kutoka Uvinza, Kigoma, mpaka Musongati, Burundi, inanipa matumaini kuliko nyingi: Musongati kuna nikeli. Hapo treni itakuwa na cha kurudi nacho.

Kwala, kwa mfano, nchi jirani zimetengewa maeneo yao ya kuhifadhi mizigo. Vizuri. Ila ningependa kuona, kabla ya uzio na mabango ya bendera, karatasi moja iliyotiwa saini na mwenye treni, mwenye mashine na mwenye malori: kontena likishuka, ndani ya saa ngapi linaondoka, na likilala nani analipa. Mzee wangu wa Bujumbura alilipa yeye. Siku zote analipa asiye na kosa, maana ndiye pekee ambaye mzigo ni wake.

Mara ya mwisho kufika Tunduma nilikaa kwa mama lishe mmoja na dereva wa semitrela aliyekuwa kwenye foleni ya boda siku ya nne. Reli ya TAZARA iko palepale mjini. Nikamwuliza kama haimkeri kukaa siku zote hizo pembeni ya reli.

"Kaka, huwa naisikia usiku," akasema. "Siku ikipita."

Nikamwuliza tena: ikifufuliwa, hutakosa kazi? Akacheka, akamwita utingo wake aje ale kabla foleni haijasogea. "Waitengeneze tu. Mimi nichukue stesheni nipeleke godauni, jioni nilale kwangu. Unajua mwanangu wa mwisho ananiita anko?"