Nani agawe anwani za vifaa: BIOS au mfumo endeshi?

Siku hizi prosesa huongea na kadi ya mtandao au ya grafiksi kwa namna ileile inavyoongea na RAM: inaandika na kusoma kwenye anwani. Tofauti ni kwamba nyuma ya anwani hizo hakuna RAM, kuna rejista na kumbukumbu za kifaa chenyewe. Lazima basi awepo wa kuzigawa, na vifaa viwili visiangukie anwani moja. BIOS, programu ya ubaomama inayoamsha kompyuta, huifanya kazi hiyo kwanza, kisha mfumo endeshi hukuta mambo yamekwisha kupangwa. Mfumo uuheshimu mpango huo, au uupangue? Mimi naona mfumo endeshi ndio uwe na kauli ya mwisho, ingawa hoja za upande wa BIOS ni nzito kuliko wengi wanavyodhani.

Zamani swali hili halikuwepo. IBM PC ya 1981, yenye prosesa ya 8088, ilikuwa na anwani za MB 1 tu: KB 640 za programu, na KB 384 za juu kwa ajili ya vifaa na ROM. Kadi zilizofuata mtu alizipanga kwa mkono, kwa kuhamisha vijampa, vipande vidogo vya kuunganisha pini, na zikigongana aliteseka nazo mwenyewe. PCI, njia ya kuunganisha kadi iliyotoka 1992, ilibadilisha utaratibu: kadi haiji tena na anwani, inakuja na ombi. Programu inaandika 1 kwenye biti zote za rejista ya ombi, inaisoma upya, na biti ambazo kadi imezishikilia kwenye 0 ndizo zinazotaja ukubwa inaouhitaji. Ukubwa huo ni kipeo cha mbili, na anwani ya kuanzia lazima igawanyike kwa ukubwa huo bila baki, hivyo kadi ya MB 256 haiwezi kuwekwa popote penye nafasi. Isitoshe, vifaa vyote vilivyo nyuma ya daraja moja la PCI, yaani chipu inayounganisha tawi la vifaa, hukaa ndani ya madirisha ya anwani ya daraja hilo. Ni kama viwanja vilivyokwisha kupimwa: ukitaka kupanua kimoja, majirani nao wahame.

Sasa hoja ya BIOS. Aliyeiandika anaujua ubaomama ule. Anajua anwani zipi zimeshikwa na chipuseti au na chipu inayohifadhi BIOS yenyewe, vitu ambavyo mfumo endeshi hauwezi kuvigundua kwa kuuliza kadi za PCI. Mfumo ukiweka kifaa juu ya eneo kama hilo, mashine inaganda bila maelezo. Hata skrini ina hatari yake: picha ya mwanzo, kabla draiva ya grafiksi haijaamka, huandikwa moja kwa moja kwenye anwani ya kadi iliyopangwa na UEFI, yaani BIOS ya kisasa. Ihamishe kadi bila kuangalia, na maandishi yote yanaenda pasipo kitu. Linux ilijifunza adabu hapo. Kwenye mashine zenye BIOS ya 2008 na kuendelea, hufuata madirisha ya anwani yaliyotajwa kwenye majedwali ya ACPI, ambayo BIOS huyatumia kuueleza mfumo endeshi mpangilio wa mashine, na chaguo la kuwashia la pci=nocrs, linaloyapuuza, limeachwa kwa ajili ya mashine ambazo majedwali yake yanadanganya.

Lakini BIOS hupanga mara moja tu, mashine inapowaka, na kwa vifaa inavyoviona wakati huo. Ukichomeka kisanduku cha Thunderbolt saa mbili baadaye, mwenye kukitafutia nafasi kwa kawaida ni mfumo endeshi. Na BIOS nyingi za zamani zilivibana vifaa vyote chini ya GB 4, kwa kuwa mifumo ya biti 32 ndiyo iliyokuwa ikitawala. Matokeo yake wengi waliyaona: RAM ya GB 4 imo, Windows ya biti 32 inaonyesha kama GB 3.25, kwa sababu anwani zilizobaki zimekaliwa na vifaa.

Ubanaji huo bado unaumiza, hasa kwa anayenunua kompyuta ya ofisi iliyotumika, Kariakoo au Luthuli Avenue, akitaka kuiongezea kadi kubwa. Chukua Tesla P40, kadi ya GB 24 ambayo watu huitafuta ili waendeshe modeli za lugha nyumbani. Ombi lake la anwani haliwezi kuingia chini ya GB 4 kabisa. Prosesa ni ya biti 64, mfumo ni wa biti 64, anwani zimejaa tele huko juu. Kinachokwamisha ni BIOS isiyo na chaguo la Above 4G Decoding, linaloruhusu vifaa viwekwe juu ya GB 4, na mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho. Huo ndio msingi wa msimamo wangu. Mfumo endeshi husasishwa kwa miaka mingi, BIOS husahauliwa.

Uwezo wa kupangua upo. Linux ina pci=realloc, na Windows tangu Vista inaweza kuzisimamisha draiva, ikagawa anwani upya, kisha ikaziamsha. Ila draiva moja ikikataa kusimama, zoezi zima linavunjika. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka mfumo upange kila kitu upya kila unapowaka. Kilicho sawa kisiguswe. Kupangua kuje pale tu kifaa kinapokosa nafasi. BIOS nayo ina wajibu ambao hakuna wa kuubeba badala yake: itaje dirisha lililo juu ya GB 4 hata kama yenyewe haina cha kuweka humo. Isipolitaja, mfumo unaoliheshimu jedwali la ACPI hauna pa kumpeleka mgeni.

Kabla ya kulipia kadi, washa Linux kwenye mashine hiyo na usome faili la /proc/iomem ukiwa root, maana mtumiaji wa kawaida huonyeshwa sifuri tupu. Tafuta mistari ya PCI Bus 0000:00. Kama hakuna hata mmoja unaoanzia 100000000 (kwa heksadesimali) au zaidi, yaani kuanzia GB 4 kwenda juu, usinunue kadi hiyo mpaka uone chaguo la kulifungua dirisha hilo ndani ya BIOS.