Chuoni mtoto hurudia, shuleni mbona asirudie?

Mtoto wa Mombasa akitoka shuleni alasiri huenda chuoni, yaani madrasa, akakaa mbele ya ustadhi na kusoma sura aliyopewa jana. Akikosea, ataambiwa arudi kesho. Atarudi kesho na kesho kutwa, hadi isomeke sawasawa, ndipo avuke. Hakuna anayemwekea hesabu ya mara alizokwama. Lakini mtoto huyo huyo akipata 30 kwa 100 katika hisabati, darasa linaingia mada nyingine na ile 30 inabaki pale pale.

Walimu wengi hawataki mwanafunzi arudie mtihani ili apandishe alama, na wana sababu. Anayejua kuna nafasi ya pili huenda asifungue daftari kabla ya ile ya kwanza. Aliyekesha akapata 70 ataona kadhulumiwa. KCSE nayo, mtihani wa taifa wa kidato cha nne hapa Kenya, haimwambii mtu njoo tena wiki ijayo. Kisha kuna mzigo: mwenye madarasa manne ya wanafunzi 50 anasahihisha karatasi 200, na theluthi yao wakirudia, ni sitini na kitu juu yake. Nimefundisha, mzigo huo naujua.

Kinachonikosesha usingizi ni wastani. Chukua msichana aliyepata 20 katika aljebra mwezi wa pili. Akaketi na dadake, akafanya masahihisho, mwezi wa tatu akapata 80. Ripoti itamwandikia 50. Hamsini hiyo ni ya nani? Si ya yule wa mwezi wa pili, wala si ya huyu anayetatua milinganyo leo. Mzazi ataisoma ripoti aseme mwanangu hesabu si zake, na msichana ataamini. Na mtoto akishaamini hivyo, kumrudisha ni kazi kubwa kuliko karatasi sitini. Nimewaona wakihamia viti vya nyuma, wakanyamaza mpaka kidato cha nne.

Tena mtihani wenyewe hufundisha. Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani waliwasomesha wanafunzi makala fupi. Baadhi waliisoma tena, wengine wakajaribiwa waandike walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki mambo yakageuka: waliojaribiwa walikumbuka asilimia 56, wenzao 42. Anayerudia mtihani, basi, anasoma hata akiwa ndani ya chumba cha mtihani.

Mpaka lakini uwepo. Tathmini za shuleni za gredi ya 7 na 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo ya gredi ya 9. Shule moja ikirudia hizo na jirani yake isirudie, watoto wa jirani wataonewa. Hizo ziachwe zilivyo. Ninayoitetea ni mitihani ya mwalimu mwenyewe, ya katikati ya muhula, na kwa sharti: kwanza mwanafunzi alete masahihisho yote, kwa mkono wake, ndipo apewe maswali mapya. Mvivu hatafika hapo. Na asipewe karatasi nzima. Apewe maswali matano ya mada aliyoanguka, ambayo mwalimu atayasahihisha kabla chai ya saa nne haijapoa. Alama ya mwisho ndiyo iandikwe, ile ya kwanza ifutwe.