Kaka yangu alichukua mogeji (mkopo wa benki wa nyumba) akiwa Dallas na mimi ndio nilipumua

Kila Desemba watu wa majuu wakishuka lazima utasikia hiyo stori, mtu alituma pesa miaka sita, amekuja amepata msingi na nyasi. Meza nzima inaanza kumtukana ndugu aliyekula. Mimi huwa nanyamaza nikila chapati yangu, kwa sababu huyo ndugu ni mimi. Si ati nilikula nyumba mzima, lakini leo wacha niseme.

2019 kaka yangu, anaendesha trela huko Dallas, aliamua kujenga kwetu Vihiga. Pesa ilikuwa inaingia kwa simu yangu hapa Nakuru, mimi napanga fundi, mchanga, kokoto. Sasa Jumatatu moja ikaingia 40,000 ya simiti, na hiyo Jumatatu mtoto wangu alikuwa amefukuzwa karo, amekaa mlangoni na begi. Nikalipa karo, nikajiambia mwisho wa mwezi nitarudisha. Mwisho wa mwezi ukafika na mambo yake. Fundi akiuliza simiti nasema kaka hajatuma, kaka akiuliza ukuta umefika wapi nasema mvua. Mvua gani, ilikuwa inanyesha kwa simu yangu peke yake.

Kwa hivyo 2023 aliposema anataka mogeji, wazee wakasema amerogwa, mimi nikasema achukue hata kesho. Maoni yangu ndio haya: riba ya benki inauma, lakini inakuondolea ile kazi ya kumwamini mtu kama mimi. Benki haikupi pesa mkononi, inamlipa muuzaji. Inatuma mthamini wake, wakili wake anafanya sachi, yaani anaangalia kwa ofisi ya ardhi shamba ni ya nani, na hati ikiwa na doa wanakataa kabla pesa ya nyumba itoke. Mimi sijui kusoma ramani ya shamba na broka anajua hivyo.

Kwanza alitaka amalizie ile ya Vihiga. Benki hata haikufikiria mara mbili, hati bado iko kwa jina la babu, babu alishazikwa zamani na watoto wake wanane hawajawahi kaa chini wafanye saksesheni, ile kesi ya kugawa urithi. Na hata ingekuwa safi, afisa aliniuliza polepole, madam, huyu kaka yako akishindwa kulipa, nani atanunua nyumba iko katikati ya makaburi ya familia yenu? Sikuwa na jibu. Benki za Marekani nazo haziwezi shika shamba ya Kenya kama dhamana, yeye alikuwa ameuliza huko akachekwa.

Ndio tukaangukia banglo huku Kiamunyi, hapa Nakuru, milioni 8. Akatoa asilimia 20, ikabaki milioni 6.4 ya mkopo, miaka 15, riba asilimia 15. Na hiyo milioni 1.6 si ndio mwisho, kuna ushuru wa stempu asilimia 4 kwa sababu ni mjini, yaani 320,000, halafu wakili, mthamini, bima ya maisha ndio akifa benki isihangaike na watoto. Watu wengi huweka dipoziti pekee kwa hesabu halafu wanaanza kupigia ndugu simu usiku.

Makaratasi sasa. Pasipoti, pini ya KRA (namba ya ushuru ya Kenya), hati za mshahara, taarifa za benki, fomu za kodi za huko. Na nguvu ya uwakili ndio niweze kusaini kwa niaba yake. Ile ya kwanza alisaini mbele ya mthibitishaji huko, ikatumwa na kuria, nikaipeleka benki nimevaa vizuri kabisa, dada wa kaunta akaweka sahihi hiyo kando ya ile ya pasipoti, akatingisha kichwa. Kwa pasipoti alisaini akiwa na miaka 22, jina lote na mkia chini. Sasa hivi anaweka tu kitu kama mnyoo. Ikarudi Texas. Halafu wakasema wanataka kumwona kwa video, wakachagua saa nne asubuhi ya Nakuru, huko ni saa nane usiku, kaka akatokea kwa simu amejifunga blanketi akishika pasipoti karibu na uso kama mtu amekamatwa.

Lakini hiyo yote ni usumbufu tu. Kitu kilichomchoma ni shilingi, na hapa ndio mimi naona watu wa majuu hawaambiwi ukweli. Alianza kulipa Januari 2024, dola ilikuwa inacheza 160. Awamu yake ni kama 89,500 kwa mwezi, akapiga hesabu, dola 560, akasema hii ni ya kawaida. Kufika mwisho wa Machi dola imeshuka hadi kama 130. Awamu ile ile sasa ni karibu dola 690. Huku sisi tulikuwa tunashangilia shilingi imepata nguvu, yeye huko anaongeza safari. Nilimwambia sherehe yetu ndio matanga yako, hakucheka. Kwa hivyo kama unalipwa dola na deni ni la shilingi, piga hesabu na dola ikiwa chini, hata chini kuliko ya leo, ukiona bado unapumua ndio usaini. Akifika mwisho atakuwa amelipa zaidi ya milioni 16 kwa mkopo wa 6.4, na riba yenyewe inaweza panda. Ndio maana mwisho wa 2023 Kenya nzima ilikuwa na mogeji kama 30,000 tu.

Na akikosa kulipa? Sheria ya ardhi inampa notisi ya miezi mitatu, halafu siku 40 kabla ya kuuza. Anwani ambayo benki iko nayo ni yangu, barua itakuja kwangu, kwa hivyo mimi ndio naangalia kalenda kuliko yeye mwenyewe.

Bado naona ni afadhali. Tangu tuanze hii mambo hatujakosana hata mara moja, na ile 40,000 nilimwambia mwaka jana. Alinyamaza kitambo akaniuliza mtoto alipata gredi gani.

Wiki hii anataka kubadilisha geti, fundi ameitisha 65,000. Nimemtumia namba ya til ya fundi, ile ya kupokea malipo kwa simu, atume huko moja kwa moja, mimi kazi yangu ni kupiga picha.